Neno "wamejitakia": niliyowaambia watuma salamu wa Morogoro

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha watuma salamu, mwezi wa nane, hapa Morogoro mjini. Wengi waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, sijayanyoosha sana.)

Mwenyekiti wetu, mama mweka hazina, wazee wangu mliokaa hapo mbele, na nyie vijana wa vijiwe vya boda mlioitikia wito, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambaye sijamtaja kwa dini yake shikamoo yake naiweka hapa mezani.

Mimi wengi wenu mnanijua kwa sauti tu. Nimesoma kadi zenu miaka na miaka, najua nani anamsalimia nani, najua nani kamnunia nani maana jina linapotea ghafla kwenye kadi mwezi mzima alafu linarudi. Mwenyekiti aliponipigia akasema kaka chagua mwenyewe cha kuongea, nikamwambia mi nataka kuongelea meseji. Sio za salamu. Zile mnazotuma likitokea jambo, ajali, moto, mtu kakamatwa, zile ambazo mimi nazisoma hewani tunaziita maoni ya wasikilizaji. Na nitaongelea siku moja tu, siku ya moto wa lori la mafuta pale Msamvu, mnaijua wote.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019.

Nanenane ilikuwa imeisha juzi yake. Mji bado umejaa, wageni wa maonesho wanarudi kwao, Idd el-Hajj iko mlangoni watu wanakimbizana na mahitaji, asubuhi ile Morogoro ilikuwa imechangamka kweli. Nilikuwa studio, kipindi cha salamu cha asubuhi. Redio niliyokuwa nafanyia kazi wakati ule siitaji, haina haja, maana ninalotaka kusema nililifanya mimi, kwa mdomo wangu, na maiki ilikuwa mbele yangu.

Simu ikaita. Msikilizaji, kijana kwa sauti, yuko Msamvu. Nikamuunganisha hewani moja kwa moja kama kawaida nikijua anataka kusalimia. Akasema kaka kuna lori la mafuta limelala hapa karibu na stendi, mafuta yanamwagika, watu wanajaa. Nyuma ya sauti yake nasikia kelele kama za mnadani, watu wanaitana, kuna mtu anasema lete dumu, lete dumu, alafu kicheko. Hicho kicheko ninacho mpaka leo. Watu walikuwa wanacheka, maana asubuhi ilikuwa nzuri na hakuna aliyekuwa anaona kifo pale.

Nami nikajibu nini? Nikasema poleni sana watu wa Msamvu, madereva jamani punguzeni mwendo. Nikaweka wimbo.

Muda ule kati ya lori kulala na moto kuwaka ulikuwa wangu mimi, ndugu zangu. Nilikuwa na maiki, nasikika Msamvu nzima, nasikika kwenye bajaji, kwenye vibanda vya chips, kwenye simu za hao hao vijana waliokuwa na madumu. Ningesema ondokeni hapo, ondokeni wote, hata msiochota, hata mnaoangalia tu, pengine wangenisikia kumi, pengine watano. Sikusema kwa sababu sikujua. Nilikuwa najua majina ya nyimbo mia tano lakini mvuke wa petroli unavyotembea sikuujua.

Alafu moto ukawaka. Siwasimulii moto, kuna waliokuwepo na wamo humu ndani, wananiangalia sasa hivi, sina haki ya kuwasimulia. Niseme tu yale yaliyotangazwa, kwamba siku ile ile walihesabiwa waliofariki zaidi ya 50, majeruhi zaidi ya 40 wakapelekwa Muhimbili, Rais Magufuli akatangaza maombolezo ya siku tatu, tukazika makaburi ya Kola, wengine ilibidi vipimwe vinasaba ndio ijulikane ni wa nani. Na vifo havikuishia Jumamosi. Vilikuja kidogo kidogo wiki hadi wiki kutoka hospitali, mpaka wakapita 100. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili anaweza kuongea na wewe leo vizuri kabisa, anakuulizia watoto, na wiki ijayo hayupo.

Sasa meseji.

Zilianza kuingia moshi haujaisha. Simu ya studio ilikuwa inatetemeka mezani mpaka inasogea. Poleni zilikuwepo nyingi tu, siwezi kuwasingizia watu wa Morogoro roho mbaya, wengine waliuliza damu inachangiwa wapi, mashuka yanatakiwa wapi. Lakini katikati zikaanza zile nyingine. "Wamejitakia." "Mwizi ni mwizi tu." "Tamaa mbaya." "Mungu kalipa hapo hapo." Nikachukua moja nikaisoma hewani, kwa sauti yangu hii mnayoipenda, na nilipomaliza nikaongeza la kwangu, nikasema ni kweli jamani, tamaa mbaya.

Nilisema hivyo. Watu bado wanabebwa kwenye kanga.

Na ninavyojua mimi sikuwa peke yangu, nchi nzima siku zile ilikuwa imegawanyika kwa neno hilo moja. Vijiweni, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, hata misikitini na makanisani watu wakitoka ibada wanabishana wamejitakia hawajajitakia. Wengine walikuwa na huruma lakini huruma yenyewe ina lakini ndani yake, "inauma lakini si walikuwa wanaiba". Nyie mnakumbuka.

Wiki kama tatu baadaye mlinzi ananiita, kuna mama getini. Mama wa makamo, amejifunga kanga mbili, ya chini na ya juu, na mkononi ana kadi ya salamu, hizi hizi zetu, ameijaza kwa peni ya bluu. Akaniuliza wewe ndiye fulani? Nikasema ndio mama, shikamoo. Hakuitikia. Akanipa kadi akasema soma. Kwenye sehemu ya anayesalimia kaandika jina la mume wake. Wanaosalimiwa kaweka majina ya watoto watatu. Kwenye ujumbe kaandika, "Mimi nilikuwa napita."

Nikamtazama, sijaelewa.

Akanieleza amesimama pale pale getini, hakutaka kuingia ndani, hakutaka kiti. Mume wake alikuwa fundi baiskeli Mwembesongo, asubuhi ile amebeba tairi anakwenda stendi kulipandisha kwenye basi, ni mzigo wa mteja. Akakuta barabara imeziba watu. Kasimama ng'ambo ya mtaro anasubiri njia ifunguke, hana dumu, hana hata chupa, ana tairi. Moto ukamfuata pale alipo. Aliishi siku kumi na moja Muhimbili, na katika siku hizo alimweleza mke wake yote, tena kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi, kwa sababu mtoto wao wa kati alikuwa ameshamwambia kwenye simu kwamba shule wanamwita mtoto wa mwizi wa mafuta. Baba wa watu yuko kitandani amefungwa bandeji, analojitetea nalo ni "nilikuwa napita".

Mama akamaliza, akasema, "Mwanangu alikusikia wewe. Redio ilikuwa inaongea jikoni." Akaondoka. Hakunitukana. Mi ningependa angenitukana.

Hii kadi ninayo. Sikuwahi kuisoma hewani maana siku ile nilikosa ujasiri na baadaye nikaacha kazi pale. Mwaka uliofuata nikamtafuta nikamwomba radhi nyumbani kwake mbele ya watoto, na hapo ndipo alipoitikia shikamoo yangu.

Sasa jamani nisieleweke vibaya. Sisemi hakuna aliyechota. Walichota, video tuliziona wote, watu wameinama na madumu na ndoo, na wengine walikuwa wanatafuta vyuma na betri, zile taarifa za mwanzo kabisa zilisema kuna mtu alikuwa anahangaika kuchomoa betri ya lori ndio cheche ikatoka. Kuchota mafuta ya mtu ni wizi, mi sitetei, sheria ipo. Lakini wizi wa kidumu cha lita tano, bei ya petroli wakati ule ni elfu mbili na kitu kwa lita, kwaiyo tunaongelea elfu kumi na kitu, hukumu yake mahakamani ingekuwa nini? Hakuna hakimu nchi hii ambaye angesema mchomeni. Sisi tulisema. Kwa meseji, kwa shilingi ngapi sijui za bando, tukasema sawa tu.

Na mimi nimekaa na hili neno muda mrefu, nikagundua ubaya wake mkubwa sio ukali wake. Ubaya wake ni kwamba likishatamkwa hakuna anayeuliza tena kitu. Wamejitakia, basi, mjadala umefungwa, tule. Hakuna anayeuliza tangu lori limelala mpaka moto unawaka zilipita dakika ngapi, na kwenye dakika hizo nani alifika kuwaondoa watu, na kama hakufika nani alitakiwa afike. Hakuna anayeuliza kwanini palikuwa pamejaa hivyo. Msamvu ni njia panda ya nchi, barabara ya kutoka Dar inafika pale inagawanyika, huku Dodoma na kanda ya ziwa mpaka Rwanda na Burundi, huku Iringa na Mbeya mpaka Zambia na Kongo. Malori ya mafuta yanapita pale usiku na mchana, kila moja limebeba lita elfu thelathini mpaka arobaini hivi, pembeni kuna stendi, kuna soko, kuna mama lishe na jiko la mkaa. Hilo lilikuwa linajulikana tangu lini? Hatukuuliza. Tulishapata jibu letu la neno moja.

Ngoja niwaambie kitu ambacho ningekisema hewani siku ile kama ningekijua, nimefundishwa na askari mmoja wa zimamoto, nilimfuata mwenyewe nikamwambia nifundishe kama unavyomfundisha mtoto.

Petroli yenyewe ile ya maji maji siyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, unashuka. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unajaa kwenye mabonde, unatembea na upepo, unakwenda mbali na lori na wewe huuoni. Unaweza kusimama unajiona uko mbali, uko salama, unashangaa tu, kumbe miguuni umeshazama. Mafuta ya taa ukiyamwaga asubuhi kwenye baridi kuyawasha ni shida kidogo, yanataka kupata joto kwanza, lakini petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya barafu, ipo tayari muda wote. Kwaiyo inahitaji cheche moja tu. Boda inayowashwa. Sigara. Jiko la mama lishe lililoko ng'ambo. Betri. Na ikishika haiungui pale penye cheche tu, inarudi na njia yote ile mvuke ulikotambaa, kwa mara moja.

Mnaona sasa fundi baiskeli wangu alivyokufa na tairi lake? Mvuke hauchagui nani ana dumu nani hana.

Na hili halikuanzia Morogoro. Wakenya wana Sachangwan, kule karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori limeanguka, watu wamekusanyika, moto, zaidi ya watu 110. Na ndugu zetu wa Kivu, kule Kongo, wana Sange. Hii ya Sange naomba mniruhusu nikae nayo kidogo, kwa sababu kila nikisikia mtu anasema wamejitakia naikumbuka. Sange ni mji mdogo uko kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, Kiswahili wanaongea kama sisi. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, ni kipindi cha Kombe la Dunia lile la Afrika Kusini, siku hiyo hiyo Ghana inacheza na Uruguay robo fainali, mnaikumbuka ile mechi, Afrika nzima ilikuwa mbele ya tivii. Lori la mafuta likapinduka hapo mjini. Kuna waliotoka kuchota, ndio. Lakini kuna waliokuwa wamejazana kwenye vibanda vya video wanasubiri mpira, kuna waliokuwa majumbani mwao na watoto. Moto ukazifuata nyumba, nyumba za miti na udongo na nyasi, ukaingia kwenye kibanda cha video na watu ndani. Wamekufa zaidi ya 230, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Aliyekuwa anasubiri penalti naye alijitakia?

Ndio maana nasema hilo neno linatupa usingizi wa bure. Ukimwita aliyekufa mwizi unajihisi salama, maana wewe si mwizi, kwaiyo halitakupata. Mi nafikiri ndio sababu tunalipenda, sio kwamba watu wana roho mbaya, ni woga. Mtu anaona picha ya msiba anatafuta haraka kitu kinachomtofautisha na marehemu. Alikuwa mlevi. Alikuwa mwendo kasi. Alikuwa anaiba. Akikipata anapumua. Nami nilipumua siku ile, nawaambia ukweli, niliposoma ile meseji kuna kitu kifuani kililegea.

Sa ingine tunafanya kinyume chake, tunabeba mtu juu alafu tunamshusha, na matokeo ni yale yale. Mnakumbuka ndege ya Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, imeingia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, watu 43 ndani, 19 wakafariki. Wavuvi ndio waliofika mwanzo na mitumbwi yao. Yule kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, tukamwita shujaa, akapewa milioni moja, Rais Samia akaagiza apewe nafasi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, tukafurahi nchi nzima. Haikupita muda watu hao hao wakaanza, aah, hivi kweli ni yeye aliyefungua mlango, mbona mwingine anasema vingine. Siku zikaisha tunambishania kijana wa miaka ishirini kama anastahili. Nilikuwa nasikiliza nikasema jamani, ndege imekaa majini kamba ya kuivutia inashikwa na wananchi wako ufukweni, swali letu la wiki ni mlango kafungua nani? Mtu akimfunga mdomo yule kijana atakuwa amemwokoa nani?

Nije kwenye picha, hili fupi. Siku ile ya Msamvu picha za watu walioungua zilitembea kwenye simu kabla hata ndugu hawajapigiwa. Kuna mtu mko naye humu alimtambua kaka yake kwenye grupu la kikoba, kwa mkanda wa suruali. Sina cha kuongeza. Ukipokea picha ya hivyo futa, na aliyekutumia mpigie umwambie asiitume tena, umpigie, usimwandikie.

Sasa mimi nimebadilisha nini, maana sitaki nionekane nimekuja kuwasema nyie nikajiacha.

Kwenye redio ninayofanyia sasa hivi tukipata habari ya ajali au moto, saa ya kwanza sisomi maoni. Bosi mwanzoni alilalamika kwamba simu zinapungua, nikamwomba anipe miezi mitatu, akanipa, na ikawa hivyo mpaka leo. Saa ya kwanza ni ya walioko pale. Nauliza upo wapi, upepo unaelekea wapi, watu wamesimama wapi, waondoke waelekee upande gani, nani ameshapiga 114. Hiyo ni namba ya zimamoto, haina gharama, na mkumbuke 112 ni ya polisi. Watoto wenu wanajua namba za kununua bando kwa kichwa, hizi mbili nazo wazijue. Na wakati huo huo nasema kuhusu aliyeungua, maji safi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika ishirini, dawa ya meno hapana, yai hapana, unga hapana, asali hapana, nguo iliyogandia usiivute. Nasema tena na tena, wengine wanachoka, nasema tena.

Baadaye maoni nasoma. Hasira za watu nazisoma pia, msidhani naficha. Mtu akiandika wamejitakia siitupi, nampigia nje ya hewa namuuliza ndugu, unamfahamu yeyote aliyekuwepo? Wengi wananyamaza. Kuna mmoja alikata simu, baada ya kama nusu saa akapiga tena akasema sikiliza, futa ile meseji yangu, mdogo wangu hapatikani.

Haya. Nimeshaongea sana na chai inapoa, lakini kuna jambo moja tumelipanga na mwenyekiti na ndio sababu hasa vijana wa boda mmeitwa, haikuwa kuja kunisikiliza mimi.

Yule askari wa zimamoto alinionyesha mwongozo ambao wenzao wa Marekani na Canada wanautumia wakifika kwenye lori la petroli lililopinduka. Mafuta yamemwagika mengi, hayajawaka, ule upande upepo unakoelekea watu waondolewe mita 300. Tenki likishika moto ni mita 800, pande zote. Nilipomuuliza mita 300 ni wapi na wapi hapa Msamvu akanijibu twende tukatembee. Tukatembea. Ni kama hatua mia nne za mtu mzima. Nilipofika mwisho nikageuka kuangalia nyuma, watu wa kule tulikoanzia siwatambui sura, naona rangi za nguo tu. Pale ng'ambo ya mtaro alipokuwa amesimama fundi baiskeli, nilikwenda kupapima peke yangu siku nyingine. Papo karibu sana. Sitawaambia hatua ngapi.

Wanachama mlichanga, tumenunua kamba ndefu sita, zile nyekundu na nyeupe, na filimbi. Kila kijiwe cha boda kilichoko kando ya barabara kuu kitapewa kamba moja na filimbi mbili, itakaa kwa mwenyekiti wa kijiwe, na nyie ndio mnaofika mwanzo siku zote, kabla ya polisi, kabla ya zimamoto, kabla yangu. Pikipiki inazimwa mbali, unakuja kwa miguu kutokea upande upepo unakotoka, unafunga kamba, unapuliza filimbi, unamwambia kila mtu mwenye dumu na asiye na dumu arudi nyuma. Akikuuliza wewe nani mwambie wewe ni wa kijiwe fulani.

Yule mama nimemwalika, amekaa pale nyuma karibu na mlango, na ameniruhusu. Naisoma kadi yake, miaka yote hii imechelewa. Anayesalimia ni baba watoto, fundi, wa Mwembesongo. Anawasalimia wanawe watatu popote walipo. Ujumbe anasema mimi nilikuwa napita.

Ahsante mama.

Kamba ziko nje chini ya mwembe, askari wetu ameshafika. Vijana wa Msamvu mtaanza nyie kuhesabu hatua, wa Kihonda mfuate.